Wapanda mawe wa Mwanza, raha mnaitunzaje? Kundi letu siku hizi ni kununiana tu

Ngosha_wa_Mkolani:
Habari za mida hii wakuu. Mi na washkaji zangu tunapanda mawe huku upande wa Luchelele na Malimbe, yale ya ufukweni mnayajua, siyo marefu kihivyo, tunatandika magodoro chini mtu anapanda bila kamba na wenzake wanasimama nyuma kumkinga asiangukie vibaya. Tulianza kama utani, mmoja wetu alirudi Nairobi na viatu vya kupandia akasema jamani si tunaishi Rock City, mbona mawe tunayaangalia tu kwenye picha za harusi pale jiwe la Bismarck.

Sasa mwanzo ilikuwa raha kweli, mtu akianguka tunacheka, akifika juu tunapiga kelele mpaka wavuvi wanageuka. Afu jamaa mmoja akaanzisha listi kwenye grupu la WhatsApp, kila jiwe lina gredi, yaani namba ya ugumu wake, V2, V3, V4, na kila mtu jina lake na gredi yake kubwa. Akaja dogo wa chuo, mwepesi, vidole kama koleo, akapita juu ya kila kitu tulichokuwa tunahangaika nacho. Toka hapo ni kununiana. Bro mmoja mtu mzima ambaye ndo alikuwa roho ya kundi siku hizi anasema mgongo unauma, ila mgongo unauma Jumamosi tu. Mwingine ameacha kula usiku eti apungue. Kuna aliyekuwa anakuja na dada yake, dada hataki tena, anasema hakuna mtu anayemwangalia akipanda.

Sisemi watu wasitake kuwa wazuri, hata mi nataka. Nauliza tu nyie mliokaa muda mrefu kwenye huu mchezo, mnafanyaje mtu aendelee kukua na bado akiamka Jumamosi anafurahi kwenda?

---

MjusiMwekundu:
Futeni listi. Nimemaliza.

Haya natania, ngoja niseme vizuri. Hizo gredi mlizoandika nani amezitoa? Ni nyie wenyewe, watu sita mmekaa kwenye jiwe mnakula mihogo mkaamua hii V4. Hizo namba za V alizianzisha John Sherman kule Hueco Tanks, Texas, na wenzake, ili watu wajue kwa kukadiria jiwe gani gumu kuliko lingine, na leo zimefika V17. Ni makadirio tu. Mtu wa kwanza kupanda anasema anavyoona, wanaofuata wanakubali au wanabisha, na kule kwenye mawe maarufu wamepita watu mamia ndo gredi ikatulia. Yenu imepitiwa na nyie tu. Ni kama bei ya sato pale Mwaloni, inategemea nani anauliza na saa ngapi. Asubuhi jiwe la baridi kiatu kinashika vizuri hata V4 yenu inakuwa laini, njoo saa saba mchana vidole vinatoa jasho, jiwe lile lile linakutemea mbali. Sasa mtu anuniwe kwa sababu ya namba inayobadilika na jua?

Afu nyie wa Mwanza mna walimu bure. Nenda Mabatini au Igogo huko juu angalia watoto wanavyoshuka yale mawe na ndoo, pekupeku, hawajui V ni nini. Na wale mijusi wetu, wenye kichwa chekundu na mwili wa bluu, wanasayansi wameipa hiyo aina jina la Mwanza kabisa, Agama mwanzae. Ndo maana mi nikajiita hivi, siyo mambo ya timu za mpira, msianze.

---

BabaJunior_Pasiansi:
Napingana na mjusi hapo juu, kwa heshima. Ligi ni tamu bwana. Mi bila kushindana na mtu siwezi kuamka saa kumi na moja kwenda kusugua vidole kwenye granaiti, nitalala. Tatizo lenu siyo ushindani, tatizo mnashindana halafu kila mtu anaficha ujanja wake.

Mliangalia Olimpiki? Mchezo huu uliingia Tokyo, ile ya 2020 iliyochezwa 2021, na Paris 2024 ukarudi. Sasa angalieni kabla ya fainali, wanapewa dakika chache za kuitazama njia kutoka chini kabla hawajapanda, na pale wanasimama wote pamoja, wanaohitaji medali ile ile, wananyoosha mikono hewani, huyu anasema mi naona mguu unakuja hapa, yule anasema hapana hapo utageuka. Wanasaidiana kusoma njia! Afu ndo kila mtu anaenda kupambana peke yake. Sisi huku mtu akigundua kuna kikanyagio kimejificha kwenye kona anakaa kimya ili abaki yeye tu aliyefika juu. Hiyo ndo inayoua kundi.

Na kuna kisa cha Tommy Caldwell na Kevin Jorgeson kule Yosemite, Marekani, ukuta wa El Capitan, upande unaoitwa Dawn Wall. Walianza mwishoni mwa Desemba 2014 wakatoka juu tarehe 14 Januari 2015, siku 19 wanalala kwenye vitanda vya kuning'inia. Ukuta una kama mita 900. Walipofika kipande cha 15 cha hiyo njia Caldwell akapita, Jorgeson akakwama. Anaanguka, vidole vinachanika, anapumzika siku mbili ngozi ikaze, anajaribu, anaanguka tena, karibu wiki nzima hivyo. Caldwell yeye angeweza kumalizia peke yake, njia ilikuwa wazi, na dunia nzima ilikuwa inafuatilia kwenye simu. Akapanda vipande vigumu vilivyobaki afu akarudi kumsubiri. Mwenzake akapita, wakatoka wote. Na huyo Caldwell kidole cha shahada cha kushoto hana, alikikata kwa msumeno wa mashine mwaka 2001.

Kwahiyo dogo wa chuo msimchukie. Mwambieni kazi yake Jumamosi ijayo ni kumpandisha yule bro.

---

Chapombe_wa_Igoma:
Samahani naomba kuuliza. Mnapanda jiwe, mnafika juu, mnashuka. Hakuna samaki, hakuna dhahabu. Faida yake nini?

---

MjusiMwekundu:
@Chapombe_wa_Igoma na wewe unakunywa unalewa kesho unakuwa mzima. Faida yake nini?

---

Chapombe_wa_Igoma:
Nimekuelewa mkuu. Endeleeni.

---

DadaMfupi:
Hahaha Chapombe umepatikana.

Mi naongea kuhusu yule dada aliyeacha kuja maana najua kilichotokea bila hata kuambiwa. Unapanda, umefika katikati, unatafuta mguu wako utulize akili, huku chini wanaume wanne wanapiga kelele "ruka! shika pale! hapana siyo hapo! weka goti!" Na "pale" yenyewe wao wanafika wakiwa wamesimama, mi hata nikiruka sifiki. Ukishuka wanakwambia ulitakiwa uruke. Mara mbili tatu unaona bora nikaoshe nguo.

Miili haifanani jamani. Paris 2024 fainali ya wanawake kulikuwa na Mjapani anaitwa Ai Mori, sentimita 154, jiwe la kwanza, yale ya kutengenezwa, kishikio cha kuanzia kiliwekwa juu, anaruka hakifiki, anaruka hakifiki, akapata sifuri kwenye hilo jiwe mbele ya dunia nzima. Watu mtandaoni wakagombana sana kuhusu waliotengeneza zile njia. Yeye akaenda upande wa kamba, ule ukuta mrefu, akaongoza wote siku hiyo, akamaliza wa nne kwa jumla. Janja Garnbret wa Slovenia akachukua dhahabu kama alivyochukua Tokyo. Sasa kwenye listi yenu ya WhatsApp Ai Mori angeandikwa nini? Sifuri?

Sisi tuko kakundi ka wanawake, tunapanda Igombe na mara nyingine huku Bwiru, na sheria ni moja tu, humwambii mtu afanyeje mpaka aulize. Unaweza kumshangilia, unaweza kumkinga, lakini fumbo ni lake. Maana utamu wenyewe uko pale, unapangusa jiwe na brashi, unaangalia, unajaribu mguu wa kushoto haikubali, unajaribu kuegemeza nyonga, aisee unakaa, unapata mwanga, ghafla mwili unapita sehemu ambayo nusu saa iliyopita ulisema haiwezekani. Ukishaambiwa kila kitu umenyang'anywa hiyo.

Na tunacheza sana. Tunachagua jiwe jepesi kabisa afu tunasema leo linapandwa na kandambili, au kwa mkono mmoja, au usitoe sauti ya mguu hata kidogo, mwenye kutoa sauti anashuka. Kuna ule mchezo wa kuongeza, wa kwanza anashika vishikio viwili, wa pili anarudia anaongeza kimoja, wa tatu anarudia vyote anaongeza chake, mpaka mtu asahau. Hapo aliye mpya na mzoefu wanacheka pamoja, na miguu inajifunza bila mtu kujua anafanya mazoezi. Wanaume mkijaribu hiyo ya kutotoa sauti mtaona aibu, mnapanda kama mnavunja mlango.

---

SistaWaWodi4:
Ngosha nimesoma mpaka pale kwenye "ameacha kula usiku" nikasimama. Mi ni nesi, sipandi mawe mengi, naogopa, ila mdogo wangu anapanda.

Huyo anayelala njaa mumuongeleshe mapema na kwa upole, siyo kwenye grupu. Kupungua kunaweza kumfanya aone amekuwa mwepesi wiki za mwanzo, na hapo ndo mtego, anadhani njaa inamsaidia. Mwili ukikosa nishati ya kutosha kwa muda mrefu huku unaufanyisha kazi, unaanza kuzima vitu, homoni zinashuka, mwanamke anaweza kukosa hedhi, mifupa inadhoofika, vidonda havifungi haraka, usingizi unaharibika, hasira nyingi. Kwenye huu mchezo ni shida inayojulikana duniani, hata huyo Garnbret aliyetajwa hapo juu amepaza sauti hadharani kuhusu wachezaji kujinyima chakula, na shirikisho la kimataifa mwaka 2024 likaweka kanuni za kuangalia afya ya wachezaji kabla hawajaruhusiwa kushindana. Ugali na dagaa siyo adui wa mtu, dagaa ana protini na kalisi ambayo hiyo mifupa inaitaka.

La pili vidole. Msuli unakua haraka, kano na zile pete zinazoishikilia kwenye mfupa wa kidole zinachelewa sana maana damu inayofika huko ni kidogo. Ndo maana mtu anajisikia ana nguvu miezi michache tu baada ya kuanza, anang'ang'ania kishikio cha ukubwa wa kucha, inasikika "pa!" kwenye shina la kidole cha pete. Ukisikia hiyo sauti, au maumivu yanayokaa sehemu moja ukibonyeza, acha, siyo "namalizia mara ya mwisho". Na kama kuna watoto wa sekondari wanakuja, wale mifupa bado inakua, kwenye vidole kuna sehemu laini ya kukulia inayoweza kupasuka, hawatakiwi mazoezi ya kuning'inia na ncha za vidole. Mtoto akisema kidole kinauma kwenye kifundo cha kati apelekwe akapigwe picha, msimwambie akaze.

Siku ya kupumzika ni siku ya mazoezi pia, hapo ndo kano inajijenga. Wanaume hamlipendi hilo neno, kupumzika.

---

Omera_Kisumu:
Niaje watu wa Mwanza, ng'ambo ya ziwa tuko na nyinyi. Sisi huku mawe hatuna mengi kama yenu, mnatupea wivu. Tuko na Kit Mikayi pale barabara ya Bondo lakini hiyo ni mahali pa maombi, watu wanafunga hapo siku kadhaa, huwezi enda kuparamia na chaki ya kukausha mikono mfukoni. Mi naona hiyo pia ni sehemu ya kuwa na roho safi kwa huu mchezo, kujua jiwe lipi si la kucheza. Kwenu pia nasikia kuna milima watu huenda kusali, ulizeni wazee kwanza.

Kupanda kwa kamba mi hufanyia Hell's Gate huko Naivasha, ile nguzo ya Fischer's Tower ndiyo ilinifunza uoga. Na nilitaka nisema kuhusu uoga maana hakuna mtu ameutaja. Mara nyingi mtu akinuna ama akikasirika kwa jiwe, ukiangalia vizuri ni uoga, ameogopa kuanguka lakini hawezi sema mbele ya vijana. Huyo bro wenu wa mgongo, mmewahi muuliza kama anaogopa? Mtu mzima ako na watoto, ako na kazi, akivunjika mguu nani atalipa fees? Si aibu hiyo, ni hesabu.

Vijana hupenda kutaja Alex Honnold, amepanda El Capitan bila kamba tarehe 3 Juni 2017. Sawa, lakini hawasemi alifanya hiyo njia na kamba mara nyingi sana mpaka akajua kila mahali pa kuweka kidole. Na hawasemi mwaka uliotangulia, 2016, alianza kupanda akasikia mwili haujatulia, akaacha. Makamera yako hapo, marafiki wako hapo, akasema leo hapana. Kwangu hiyo ya kuacha ndiyo kubwa.

Fundisheni watu kuanguka. Kwa kweli. Anza chini kabisa, urefu wa meza, unaachia, unatua na miguu miwili, magoti yanakunjika, unajiviringisha kwa mgongo, mikono kifuani, usiitupe nyuma maana hapo ndiyo viwiko vinatoka. Mkifanya hiyo dakika kumi kabla ya kuanza mtaona watu wanaanza kucheka tena. Uoga ukipungua roho inarudi.

---

Ngosha_wa_Mkolani:
Aisee asanteni sana, sikutegemea. Omera hapo kwa bro umenigusa, maana kweli alianza kusema mgongo baada ya lile jiwe refu la karibu na maji ambalo kutua kwake ni kubaya, kuna jiwe lingine linachungulia chini ya godoro. Hakuna aliyemuuliza.

Kuhusu listi, nimeongea na mwenye listi, kakataa kufuta. Anasema bila kuandika hajui kama anakua au anadanganywa na moyo. Na mi naona ana hoja kidogo. Mtu akitaka kuona maendeleo yake afanyeje sasa?

---

MjusiMwekundu:
Aandike kwenye daftari lake, nani kamkataza? Ila aandike na vingine. Leo nilitua vizuri bila kuogopa, leo nilitumia miguu mikono haikuchoka, leo lile jiwe la mwezi uliopita nimelirudia likawa kama ngazi. Gredi inaweza kukaa miezi haiongezeki hata kwa wanaolipwa kufanya hii kazi, ukiwa na kipimo kimoja tu utaona umesimama kumbe unaenda. Na masika inakuja mawe yanalowa, ule ukungu wa kijani unateleza balaa, mtapanda kidogo, kama furaha yake yote iko kwenye namba atakaa miezi mitatu ana huzuni.

Nakubali ya BabaJunior kwamba ligi ni tamu. Ila ligi ya kila mtu kuona namba ya mwenzake kwenye listi moja kila siku, mi sijaona kundi iliyoliacha salama.

---

BabaJunior_Pasiansi:
Mjusi umeanza kulegea, karibu utakubali yote.

Ngosha, yule dogo mmemuuliza na yeye anajisikiaje? Maana mnamwongelea kama ajali. Labda na yeye amechoka kuwa wa kuangaliwa, kila akianguka kwenye kitu chepesi watu wanachekelea. Kuwa bora kwenye kundi dogo nako ni mzigo, hapati wa kumfundisha na hana ruhusa ya kushindwa.

---

Ngosha_wa_Mkolani:
Hatujamuuliza. Ni mpole sana, anapanda, anasema asante, anapanda daladala anaenda. Nitamtafuta.

Dada yake mshkaji nimempigia simu, anasema atakuja kama kutakuwa na wanawake wengine na kama nyie wanaume mtafunga midomo. Maneno yake hayo siyo yangu. @DadaMfupi mnaweza kuja huku Jumamosi?

---

DadaMfupi:
Tunakuja, tuko watatu labda wanne. Magodoro mnayo mangapi? Sisi tunalo moja la sponji tumelishonea turubai chini, zito kidogo, tutahitaji bajaji kutoka Nyegezi stendi. Na lile jiwe refu lenye kutua kubaya siku hiyo liacheni kabisa, kuna mengi.

Huyo wa kulala njaa msimseme, nitaleta viazi na dagaa wa kukaanga niweke katikati tu, kila mtu ale.

---

Ngosha_wa_Mkolani:
Magodoro tunayo matatu, na lenu manne. Mje mapema dada, saa kumi na mbili tuwe tumeshafika, kufika saa nne jiwe linachoma. Na ule ufa mkubwa upande wa kushoto msiweke mkono bila kuangalia, wiki iliyopita nyuki walikuwa wameanza kuingia.

---

Chapombe_wa_Igoma:
Hao dagaa wa kukaanga ni wa wapandaji tu au na watazamaji?